Si Kila Mwiga Hupasuka Msamba

Wasomaji wangu wa siku nyingi mwajua ya kuwa mimi si mwepesi wa kulirudisha neno nililokwisha kulitoa. Lakini leo naandika kulirudisha neno moja, na nalirudisha pale pale nilipolitupia, ili yule aliyelisoma lile alisome na hili.

Si zamani sana, katika ukurasa huu huu, niliandika habari za maonyesho ya picha yaliyofanyika hapa Mombasa, karibu na Mji wa Kale. Picha zilikuwa nyingi: majahazi, minazi, wazee wa barazani, jua likizama Kilindini. Katikati yake palikuwa na picha moja ya rangi za mafuta: uso wa msichana wa Kizungu aliyejifunga kilemba cha samawati na manjano, amegeuka kututazama juu ya bega lake, midomo imeachana kidogo, na sikioni ana hereni ya lulu. Kando yake kijana aliyeichora alikuwa ameandika kwa hati safi, "Imenakiliwa kutoka kwa Vermeer."

Nilicheka. Nikarudi ofisini nikaandika kwamba kijana wa pwani asiyeona uso wa kuchora katika mji huu, wenye nyuso za bahari nzima ya Hindi, hata aende kuazima uso Uholanzi, huyo si msanii bali ni kasuku. Nikamalizia kwa methali ya wazee: mwiga tembo hupasuka msamba. Niliyapenda mno maneno yale. Mwandishi mwenye methali mkononi ni kama mtoto mwenye manati. Atazama jiwe likiruka, hatazami laangukia wapi.

Langu liliangukia kichwani mwa mtu. Palikuwa na tajiri mmoja aliyemwahidi kijana yule kumlipia karo ya masomo ya uchoraji. Aliposoma gazeti alimwita, akamwonyesha, akamwambia kuwa yeye hana fedha za kumsomeshea kasuku. Ahadi ikafa hapo.

Kijana hakunijia kwa matusi. Alikuja ofisini Jumatatu asubuhi, akanisalimu kwa adabu, akaketi alipoonyeshwa. Kisha akaniuliza, "Maalim, wewe uliwahi kuishika brashi?" Nikamjibu kuwa sijapata. "Basi ulijuaje kama kunakili ni kazi ya kasuku?"

Nilikosa jawabu. Mshairi wa miaka hamsini na kitu kukosa jawabu mbele ya kijana wa miaka ishirini na mitatu si jambo dogo. Ili nijinusuru nikamwambia, "Haya, mwanangu, nifundishe." Nilidhani tutacheka yaishe. Yeye akaichukua kuwa ahadi, na Jumamosi iliyofuata akaja kunigongea mlango.

Basi kwa muda wa miezi mitano, kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, nimekuwa mwanafunzi katika chumba cha juu cha nyumba ya bibi yake, penye dirisha moja linalotazama kaskazini. Kazi niliyopewa ni ile ile niliyoitukana: kumnakili msichana wa hereni ya lulu. Niliyojifunza humo ndiyo nitakayo kuwaeleza.

Kwanza tujue picha yenyewe ni ipi. Iliyoichora ni mkono wa Johannes Vermeer, aliyezaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft huko Uholanzi na kufa mwaka 1675. Aliichora yapata mwaka 1665. Si kubwa kama watu wanavyodhani. Urefu wake ni sentimita 44 na nusu, na upana sentimita 39. Wala si sura ya binti fulani anayejulikana kwa jina, bali ni namna ya picha ambayo Waholanzi wa zama hizo waliipenda, ya kuonyesha uso, vazi na hali ya mtu tu. Vermeer alikufa na madeni, akaacha mjane na watoto kumi na mmoja. Picha zake tuzijuazo leo hazifiki arobaini. Hii ya msichana ilisahaulika hata mwaka 1881 ikauzwa mnadani mjini The Hague kwa gilda 2 na senti 30, bei ya kitu cha kutupwa. Aliyeinunua aliiwasia jumba la Mauritshuis la mji huo huo, nayo imekaa humo tangu mwanzo wa karne iliyopita.

Kijana aliipata sura yake kwenye intaneti akaichapisha kwenye karatasi nzuri. Kisha akanikatia turubai ya sentimita 36 kwa 31. Nikamuuliza kwa nini isiwe sawa na ile ya asili. Akaniambia hiyo ndiyo adabu ya wanaonakili katika jumba la Louvre, Paris. Jumba lile lilifunguliwa kwa watu mwaka 1793, na tangu mwanzo wachoraji waliwekewa siku zao za kunakili. Hata leo hupewa vibali, wakasimama na vigoda vyao mbele ya picha, lakini kwa masharti: nakala iwe ndogo au kubwa kuliko asili kwa sehemu moja ya tano, na sahihi ya mchoraji wa asili isiigwe. Nikanyamaza. Nilikuwa nimemwita kasuku mtu aliyekuwa akishika sharia nisiyoijua.

Tukaanza. Alinichorea mirabamiraba juu ya karatasi na mingine juu ya turubai, nami nikawa nahamisha mistari mraba kwa mraba. Hapo ndipo kumbukumbu ilinijia. Nilikuwa na umri wa miaka mitano nilipopelekwa chuoni. Mwalimu wetu alituandikia juu ya ubao kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, nasi tukapitisha kalamu zetu juu ya hati yake, siku nyingi, alifu juu ya alifu, be juu ya be. Ukikosea, ubao huoshwa ukaanza upya. Hapana mzazi aliyekuja chuoni kumshitaki mtoto kwamba ameiba alifu ya mwalimu. Kila mmoja alijua kwamba mkono haujui njia mpaka upelekwe. Vipi basi mimi, niliyejua alifu kwa kijiti kwa njia ile, nilimwona kijana mwenzangu akipitisha brashi juu ya hati ya mwalimu wake nikamwita mwizi?

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kunakili ndiko kuvukuta kwa mchoraji. Mwitalia mmoja, Cennino Cennini, aliandika kitabu cha kazi ya wachoraji yapata mwaka 1400, na humo anamhimiza mwanafunzi amchague bwana mmoja aliye bora amnakili siku zote, asirukeruke leo kwa huyu kesho kwa yule. Ukiyasoma hayo utadhani ni mwalimu wa chuo cha Lamu anayenena.

Baada ya mistari tuliingia katika rangi, na hapa ndipo kiburi changu kilipoanza kuyeyuka. Nilidhani rangi ya mafuta hukauka kama nguo ianikwayo juani, maji yakatoka. Sivyo. Mafuta ya kitani yanayochanganywa na rangi hukauka kwa kuvuta hewa na kugeuka ngozi ngumu, na kazi hiyo huchukua siku, pengine majuma. Kwa hiyo mchoraji hujenga tabaka juu ya tabaka, na sharti la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu. Ukigeuza, tabaka la juu litakauka mbele ya la chini, kisha litapasuka. Nilipoona siku zapita bila kuongeza kitu nilitaka kuharakisha. Kijana akaniambia, "Maalim, shairi lako huliachi likalala usiku mmoja kabla ya kulipeleka gazetini?" Nikaona haya, maana makala ile ya kumtukana sikuilaza hata saa moja.

Tulianza kwa hudhurungi na nyeusi tu, tukiweka kivuli na mwanga, kwa kuwa wataalamu walioichunguza picha ile wameona kuwa Vermeer mwenyewe alianza hivyo. Mwanga watoka kushoto. Ukiusahau mwanga huo mahali pamoja tu, uso wote waanguka. Kisha tukaenda kwenye pua. Nikachora ukingo wa pua kama ninavyoujua, mstari kutoka nyusi hadi tundu. Kijana akatwaa kitambaa akaufuta. "Utazame tena," akasema. Nikatazama. Akasema, "Mstari uko wapi?"

Wasomaji wangu, mstari haupo. Pua ya msichana yule na shavu lake la mbali ni kitu kimoja, rangi moja iliyopita bila mpaka, na jicho la mtazamaji ndilo linalotia pua mahali pake. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya nakala ya picha ile siku ya maonyesho, nikaiandikia safu nzima ya gazeti, na sikuliona jambo hilo. Niliandika habari za picha nisiyoiona. Huu ndio msumari ulioniingia zaidi kuliko yote, kwa kuwa kazi yangu mimi ni kuona na kuwaambia watu nilichokiona.

Mambo yakawa hayo hayo kwenye lulu. Niliingoja lulu majuma mengi, kama mwari angojavyo siku yake. Siku ilipofika nikachora duara safi na kikulabu cha kuitundika sikioni. Kitambaa kikapita tena. Vermeer hakuchora duara wala kikulabu. Aliweka doa zito la rangi nyeupe upande wa juu, na chini yake weupe mwepesi unaotokana na ukosi wa nguo, basi. Iliyobaki ni kivuli cha shingo. Lulu twaiona sisi wenyewe kwa kuwa ametuachia nafasi ya kuiona. Mshairi yeyote ajuaye kazi yake anajua thamani ya neno lisilotamkwa, lakini mimi ilinibidi nifike umri huu, na brashi mkononi, ndipo nielewe kuwa wachoraji nao walilijua.

Tena kuna habari ya buluu ya kilemba. Rangi ile huitwa ultramarini, maana yake ni ya ng'ambo ya bahari, kwa sababu jiwe lake, lapisi lazuli, lilitoka milima ya Afghanistan likapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi kabla ya kufika Ulaya, na lilikuwa ghali mno. Vermeer, mtu wa madeni, hakuibania. Sisi tuliinunua katika kopo dogo la kubinya, bei ya kawaida, kwa sababu katika miaka ya 1820 Mfaransa Guimet aligundua namna ya kuitengeneza bila jiwe, na mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akabuni hilo kopo la kubinya. Nilipojua hayo nilikiangalia kilemba kwa jicho jingine. Kile nilichokiita uso wa kuazima Uholanzi kilikuwa kimevaa rangi ya Asia, na kichwa kimefungwa kwa namna ya watu wa mashariki. Mwalimu yule wa Delft hakujifungia mlango katika mji wake; naye alikuwa ameazima.

Wengine watasema, sawa, kunakili kwafundisha mkono na jicho, lakini hakufundishi akili. Hilo nami nililiamini. Likavunjwa na ile nyuma nyeusi ya picha.

Ukiitazama sura ya msichana yule, nyuma yake pana giza tupu. Nami nikatia nyeusi. Kijana akaniacha nimalize, kisha akanieleza. Mwaka 1918 hapana aliyejua hili, wala mwaka 1978. Lakini mwaka 2018 jumba la Mauritshuis liliishusha picha likaichunguza kwa vyombo vya kisasa bila kuikwaruza, na mwaka 2020 likatangaza yaliyoonekana. Nyuma ya msichana palikuwa na pazia la kijani lenye mikunjo. Vermeer alipaka rangi nyepesi ya nili na ya manjano ya mmea juu ya tabaka jeusi, na miaka zaidi ya mia tatu ikaifisha kijani ile. Wakaona pia kope ndogo machoni ambazo leo jicho tupu halizioni. "Basi hiyo nyeusi uliyotia," akaniambia, "si ya Vermeer. Ni ya wakati. Umeunakili uharibifu."

Nilikaa chini. Maana mambo haya nayajua katika kazi yangu. Anayenakili hati ya utenzi wa kale hukuta neno limeliwa na mchwa, au mnakili wa kabla yake alikosea herufi moja. Mnakili mjinga huandika kosa lile lile kwa hati nzuri zaidi. Mnakili mwenye akili hujiuliza, mtunzi alikusudia nini? Vina vyataka nini? Mizani yasemaje? Kunakili kwa kweli, basi, ni kuitafuta nia ya mtu kupitia alama alizoziacha. Hiyo ni kazi ya akili, na ni ngumu kuliko kubuni ovyo.

Wala si kazi ya wachanga tu. Rubens, mchoraji wa Flandria ambaye wafalme walikuwa wakimgombania, alikwenda Madrid mwaka 1628 akiwa na umri wa miaka 51, umaarufu wake umekwisha kuenea Ulaya nzima. Huko akaketi mbele ya picha za Titian, aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka hamsini, akazinakili. Nakala yake ya Kutekwa kwa Europa iko katika jumba la Prado hata leo. Mtu wa umri wangu, ana kila kitu, na bado anarudi kwenye ubao wa mwalimu. Naye Vincent van Gogh, alipokuwa hospitalini huko Saint-Rémy miaka ya 1889 na 1890, alizinakili picha za wakulima za Millet yapata ishirini. Alikuwa na machapisho yasiyo na rangi, akatia rangi zake mwenyewe, na akajifananisha na mpiga muziki anayepiga sauti zilizotungwa na mwingine.

Sisi watu wa pwani tuna jina la jambo hilo, nalo ni takhmisi. Mshairi huzitwaa beti za mwenziwe aliyemtangulia, akaziongezea mishororo yake hata kila ubeti ukawa na mitano, na sauti mbili zikanena pamoja. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwenye Al-Inkishafi, alilifanyia hivyo shairi la Liyongo, na hapana aliyemwita kasuku. Tena nani asiyejua kwamba mashairi ya Muyaka wa Mvita, aliyekufa mwaka 1840, yametufikia kwa kuwa palikuwa na watu walioyahifadhi na kuyanakili? Na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, ambaye wataalamu wengi wa Ulaya walipata hati za tenzi kutoka mkononi mwake, alikuwa mnakili, na alikuwa mshairi, na alikuwa mchonga mbao, yote kwa pamoja. Mkono ulionakili ndio ule ule uliotunga na kuchonga. Mimi niliyekula mkate wa urithi huo nilisahau nani aliyeukanda unga.

Sasa nije kwenye hoja ya wapinzani, nisionekane nimegeuka mzima mzima kama tiara. Elimo Njau, aliyechora picha za ukutani za maisha ya Kristo katika kanisa la Murang'a, na ambaye ni miongoni mwa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alishikilia neno moja maarufu: kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Ni neno zito, na lilisemwa kwa sababu. Vijana wa Afrika walikuwa wametoka katika zama walizoambiwa kwamba sanaa ni ya Ulaya, na yao ni vinyago vya kuuzia wageni. Aliyewaambia waache kunakili alikuwa akiwaambia waamke.

Nami naikubali nusu ya neno lile. Mtu akinakili maisha yake yote, akawa hajui kuchora ila nyuso za Kiholanzi, huyo kweli amelala. Hata yule mtoto wa chuoni, ikiwa atafika utu uzima bado anafuata hati ya mwalimu, hajajua kuandika. Lakini nusu ya pili siikubali. Anayelala si yule anayenakili, bali ni yule asiyetazama. Kati ya picha zile za maonyesho palikuwa na majahazi kumi na matatu, na yote yalikuwa jahazi moja: tanga lile lile, maji yale yale, kama yaliyochapwa. Wachoraji wake hawakuandika popote kwamba wamenakili, maana hawakujua kuwa wananakiliana. Hao sikuwagusa. Nilimgusa aliyekiri.

Hapo ndipo penye mpaka wa wizi, na mpaka huo haupo mkononi, upo katika jina. Ushahidi ni wa huyo huyo Vermeer. Palikuwa na Mholanzi aliyeitwa Han van Meegeren. Katika miaka ya 1930 na wakati wa vita alichora picha akaziuza kuwa ni za Vermeer zilizopotea, wataalamu wakasifu, na moja ikafika mikononi mwa Hermann Göring, mkubwa wa Wanazi. Mwaka 1945 akakamatwa kwa kumuuzia adui mali ya taifa. Ikambidi akiri kuwa amezichora mwenyewe, na kuchora nyingine mbele ya mashahidi ili asadikiwe. Mwaka 1947 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, akafa kabla hajakitumikia. Tazameni jambo hili vizuri. Van Meegeren hakunakili picha ya Vermeer iliyokuwapo. Alibuni zake mpya. Kwa kipimo changu cha zamani yeye ndiye msanii, na kijana wetu ndiye kasuku! Kumbe mbunifu yule alikuwa mwongo, na mnakili wetu, aliyeandika "Imenakiliwa kutoka kwa Vermeer", alikuwa mkweli.

Kuna ndugu watakaoniuliza swali jingine, maana barazani nimekwisha kuulizwa: wewe uliyesomeshwa chuoni, wachoraje sura ya kiumbe mwenye roho? Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na wanazuoni wana kauli zao. Nalisema lililo langu: picha ile sikuitundika chumba ninachosalia, wala siiuzi. Niliichora ili nijifunze kuona, na ili nimlipe mtu haki yake. Hesabu iliyobaki iko kwa Mwenyezi Mungu.

Rai yangu, basi, ni hii. Kijana anayetaka kujifunza rangi za mafuta asizuiwe kunakili, ahimizwe. Achague kazi moja iliyo bora, akae nayo miezi, si siku. Abadilishe kipimo, aache sahihi ya wenyewe, na aandike jina la mwalimu wake mbele ya lake. Akimaliza, aigeuze picha itazame ukuta, atoke nje. Nasi waandishi na wafadhili tujifunze kuuliza swali moja kabla ya kuhukumu: huyu yumo njiani aenda wapi?

Nakala yangu ni mbaya. Kilemba kimekaa kama kiremba cha pazia, na jicho moja lamtazama mtu mwingine. Lakini Jumapili ya mwisho, nilipokuwa naosha brashi, kijana alinifunulia turubai aliyokuwa akiifanya usiku. Ni bibi yake, amejitanda leso, amegeuka kutoka dirishani kama aliyeitwa jina. Mwanga watoka kushoto. Kati ya pua na shavu hapana mstari. Kizibao chake kimevikwa buluu ile ya ng'ambo ya bahari, na uso ni wa Mombasa, hapana awezaye kusema umeazimwa. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikihakikisha kwamba safari hii naona.

Makala hii nimempelekea yule tajiri kabla haijachapwa, pamoja na beti moja. Mpaka naandika maneno haya hajanijibu. Kijana hupata riziki yake kwa kuandika majina ubavuni mwa matatu. Beti yenyewe ni hii:

Nilimtupa kijana, kwa kalamu ya haraka,
Sikutaka kumuona, jasho linalomtoka,
Leo mkono wanena, rangi nilipoishika,
Akopaye kwa bayana, si mwizi wa kushitaka.